Siku Baba Alipomtega Kipanga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifungua kibanda cha njiwa asubuhi huja na kusimama mbele yangu kama mgeni asiyebisha hodi. Nimeishi miaka mingi baada yake. Nimezaa, nimezika, nimehama mtaa wa Munyaka, pale Eldoret, nikaja hapa Kimumu na mizinga yangu ya nyuki na hawa njiwa unaowasikia wakiguruma juu ya paa. Lakini siku ile haijazeeka. Nataka nikusimulie sasa, ukiwa na umri niliokuwa nao mimi wakati ule, kwa maana huo ndio umri mtu anapojifunza kusema, na ndio huo huo anapojifunza kunyamaza vibaya.

Baba yangu, Mzee Lelei, alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Msimu wa ngano alizunguka mashamba ya watu, Ainabkoi, Moiben na kwingineko, akirudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kope. Msimu ukiisha alikuwa mtu wa viumbe wake. Wanaume wengine walikuwa na pombe, wengine siasa. Baba alikuwa na ndege na nyuki. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa ameweka mizinga ya magogo juu ya mikaratusi. Mbele, juu ya nguzo nne, kulikuwa na kibanda cha njiwa alichokijenga kwa mbao za masanduku ya chai. Mama alikuwa na mzaha wake: "Mimi nikipotea, Lelei atanitafuta jioni akimaliza kazi. Njiwa akipotea, anatafutwa saa hiyo hiyo." Tulicheka, lakini haikuwa mbali na ukweli.

Na kabla ya njiwa kulikuwa na kipanga. Simsemi mwewe, yule mdokozi wa vifaranga. Nasema kipanga, ndege wa kifua kipana anayeshuka kutoka mawinguni kama jiwe lililotupwa na mtu mwenye shabaha. Ujanani baba alifanya kazi kwa mzungu mmoja kule Ainabkoi, mwenye shamba la ngano, ambaye alifuga kipanga wa kuwindia. Kazi ya baba ilikuwa kumbeba ndege yule mkononi kwa glavu ya ngozi, kumlisha, kumpigia mluzi arudi. Alitusimulia mara nyingi jinsi uzito wa ndege yule ulivyotulia juu ya ngumi yake, na jinsi macho yake yalivyomtazama mtu bila kuomba wala kushukuru. Alikuwa akisema, "Kipanga hafugwi. Anakubali tu kukaa na wewe."

Basi mtu kama huyo, mwanangu, ndiye aliyekuja kumtegea kipanga sumu. Nimefikiria sana jambo hilo. Nadhani anayekijua kitu sana ndiye mwenye nguvu ya kukidhuru sana.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na kipanga mmoja alikigundua kibanda chetu. Alianza na njiwa wachanga. Baba akasema atahama. Hakuhama. Akamchukua dume la rangi ya majivu, kisha jike lake. Halafu siku moja, mchana kweupe, mbele ya baba mwenyewe aliyekuwa ameshika sahani ya mtama, akashuka na kumnyakua jike jeupe aliyekuwa akilalia mayai.

Yule jike jeupe alitoka kwa Mzee Abdi. Huyu Abdi alikuwa na duka pale kwenye kona, karibu na msikiti mdogo. Watu wake walitoka upande wa Wajir, na yeye alikuja Eldoret na lori la mizigo akakaa. Alifuga njiwa juu ya paa la duka lake, na hiyo ndiyo ilimfanya yeye na baba kuwa marafiki. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa, mwingine hakosi swala, lakini ungewakuta jioni wamekaa juu ya makreti ya soda wakibishana kuhusu mabawa na mikia hadi giza liingie. Jozi ile nyeupe Abdi alimpa baba kama zawadi, baba alipopona ugonjwa wa kifua. Kwa hiyo kipanga hakuchukua njiwa tu. Baba aliona amechukuliwa kitu ambacho hakina namna ya kurudishwa.

Usiku ule hakula. Mama alimwambia, "Ndege amekula ndege, Lelei. Kula chakula." Akaisukuma sahani kando. Hasira hasara, wahenga walisema, ila wakasahau kusema kwamba hasira ya mtu mpole huwa haina sauti, kwa hiyo huijui inapopita.

Asubuhi iliyofuata alikuja kunigonga mlangoni kabla sijaamka vizuri.

"Chebet. Umemuona yule njiwa kilema?"

Tulikuwa na njiwa mmoja mzee aliyevunjika bawa. Nikamwambia sijamuona. Akasimama pale mlangoni, na uso wake ukanitisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Njoo," akasema.

Kando ya ploti yetu kulikuwa na uwanja mtupu, na katikati yake njia ya mguu ambayo watu walipitia wakienda kuchukua maziwa. Baba alikuwa amechomeka mti pale. Kwenye mti kulikuwa na kamba ya katani, fupi. Nikaishika. Mwisho wake ulikuwa umekatika sawasawa, bila nyuzi kuning'inia.

"Kipanga amemchukua," nikasema, maana ndivyo nilivyotaka iwe.

"Kipanga hana wembe," baba akasema.

Ndipo akaniambia. Alizungumza akitazama chini. Jioni, sisi tukiwa ndani, alimpaka njiwa kilema dawa ya kuua wadudu wa shambani, ile kali ambayo mama alikuwa amekataza isiingizwe ndani ya nyumba. Akamfunga pale uwanjani. Alijua kipanga huwinda alfajiri, na alijua atarudi mahali alipozoea kupata. Mzungu wake ndiye aliyemfundisha hayo. Alichosahau ni kwamba alfajiri wanadamu pia hupita.

Mwanangu, mtu aliyekata kamba ile alikuwa ameenda na njiwa nyumbani. Na njiwa huwa haendi nyumbani kwa mtu kuangaliwa.

Nikasema, "Baba, tupige kelele."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Funga mdomo. Unajua watasema nini?"

Nilijua. Wakati ule majirani wa Munyaka walikuwa wameanza kutazamana kwa jicho la pembe. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walikuwa wameanza kuulizana majina ya pili. Huyu ni wa kabila gani, yule ametoka wapi. Sasa mtu mmoja atoke aseme, mimi Lelei nimeweka kitu chenye sumu kando ya njia mnayopitia. Nani angeamini kwamba kilikuwa cha ndege?

"Tutauliza polepole," baba akasema. "Tutasema tumepoteza njiwa, basi. Tukimpata, tunamchukua, mambo yanaisha."

Tukaanza kuuliza polepole. Nyumba kwa nyumba. Baba alibeba tabasamu usoni kama mtu aliyebeba gunia asilolimudu. "Habari ya asubuhi, mama. Hamjaona njiwa wangu mmoja, kilema hivi?" Hapana, Mzee. Hatujamuona, Mzee. Na kila tulipogeuka kuondoka, niliona jambo ambalo baba hakutaka kuliona. Mwenye njiwa anapokuja mlangoni kwako asubuhi na mapema kumwulizia njiwa wake, na wewe umemchukua, utasema nini? Kila tulipouliza, tulimsukuma mwizi wetu ajifiche zaidi.

Sijawahi kuuogopa moshi wa jikoni kama asubuhi ile. Munyaka nzima ilikuwa ikiwasha moto. Kwa kila dirisha lililotoa moshi nilijiambia, ni hapa. Tulifika kwenye ploti ya nyumba za kupanga, mstari mrefu wa vyumba vya mabati, na kwenye mlango mmoja akasimama Mama Wanjiru, mwanamke aliyeuza sukuma wiki sokoni. Nilimpenda, alikuwa akiniongezea majani bila kuombwa. Alijifuta mikono kwenye leso. Nyuma yake kulikuwa na harufu ya kitunguu kinachokaangwa.

"Njiwa?" akasema. "Hapana, Mzee Lelei. Sijaona njiwa." Akafunga mlango upesi kidogo.

Tulizunguka nyuma ya ploti ile, penye mtaro wa maji machafu. Hapo baba akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Ndani ya mtaro kulikuwa na manyoya ya kijivu, mengi, yamelowa. Na hatua chache mbele, mbwa mmoja wa kahawia, mbwa asiye na mwenyewe ambaye watoto walimwita Simba, alikuwa amelala upande akitetemeka miguu yote, mate yakimtoka. Alikuwa amekula matumbo. Tulimtazama mpaka akaacha kutetemeka.

Baba akakaa chini, pale pale kwenye matope, na suruali yake ya kanisani.

"Yuko kwenye moja ya nyumba hizi," nikasema. "Baba, inuka. Tugonge kila mlango tuseme ukweli."

"Nusu wameenda sokoni. Milango imefungwa na kufuli." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watapika jioni. Au wamempeleka kwingine. Sijui, Chebet. Tungoje kidogo nifikirie."

Kungoja. Mwanangu, sikiliza vizuri neno hilo. Aliyekosea hupenda sana kungoja, kwa sababu anapongoja, bado hajawa mkosaji mbele ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa maradhi yalikuwa yetu, na kifo kingekuwa cha mtu mwingine.

Sikuwa nimewahi kumjibu baba yangu. Kwetu msichana hakuinua sauti mbele ya baba, hata akiwa ameshamaliza shule. Lakini mbwa yule alikuwa mbele yangu na macho yake wazi.

"Au useme wewe," nikasema, "au naenda kusema mimi."

Aliinuka na mkono wake ukainuka naye. Niliuona ukija. Sikukimbia. Mkono ule ukafika karibu na shavu langu ukasimama hewani, ukakaa hapo. Kisha akaushusha, akajifuta nao uso, ukamwachia matope kwenye paji.

"Twende kwa Abdi," akasema.

Mzee Abdi alikuwa akifungua gunia la mchele. Baba hakumsalimu. Alimwambia yote kwa maneno machache, na alipofika kwenye yule jike jeupe, Abdi akafumba macho. Nilidhani atamlaumu. Hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Dawa yenyewe iko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye banda."

"Chebet, kimbia ulete mkebe. Usiushike na mkono mtupu. Wewe Lelei, kuja na mimi." Akamshika baba kwenye kiwiko kama mtu anayemvusha kipofu barabara, wakaelekea msikitini.

Spika ya msikiti ule ilikuwa ikitumika pia kutangaza mtoto akipotea, au msiba. Nilikuwa nakimbia kurudi na mkebe niliofunga kwa gunia, nilipoisikia ikikohoa. Kwanza sauti ya Abdi: "Majirani, majirani wote wa Munyaka, tafadhali sikizeni, ni jambo la uhai." Kisha sauti ya baba yangu, mzee wa kanisa, kutoka msikitini, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mimi ni Lelei, dereva. Nimetia njiwa sumu. Nilimtegea kipanga. Nilimfunga uwanjani, kando ya njia, na hilo lilikuwa kosa langu. Mtu amemchukua. Nakuomba wewe uliyemchukua, usimle. Usimpe mtu. Ukiwa umeshakula, njoo mbio. Wewe si mwizi. Sikuiti mwizi. Mimi ndiye niliyetega. Njoo tu."

Akarudia yote tena.

Watu walikuja. Lakini hawakuja na njiwa. Walikuja na midomo mikali na mikono mizito. Nilipofika mbele ya msikiti, duara lilikuwa limeshafungwa, na ndani yake alikuwa baba na Abdi. Kijana mmoja fundi wa baiskeli alikuwa na nondo mkononi.

"Ati ndege! Ndege gani? Mtu anaweka sumu kwa njia ya watu, halafu anasema ni ya ndege?"

"Mnataka kutumaliza mmoja mmoja!" mwingine akapaza sauti kutoka nyuma.

Nililisikia vizuri lile neno "mnataka". Halikuwa tena jambo la Lelei. Lilikuwa jambo la akina sisi na akina ninyi. Jiwe moja likaruka likagonga mlango wa duka la Abdi. Abdi, mtu mfupi, mwembamba, akajisogeza mbele ya baba akafungua mikono yake.

"Mnijue mimi," akasema. "Walahi, mnanijua. Kama huyu alitaka kuua watu, angekuja kupiga kelele kwa spika? Muuaji anatangaza? Fikirini kidogo, halafu mrushe."

Hapo ndipo tukasikia yowe. Mama Wanjiru alikuwa akija mbio kutoka upande wa nyumba za mabati, leso imefunguka, kiatu kimoja hakipo. Duara lilifunguka lenyewe.

"Ni mimi," alikuwa akilia. "Ni mimi nilimchukua. Nilikuwa naenda maziwa. Shosho ametoka hospitali, hana damu, hana nguvu, nikasema nimpikie supu. Woi, Mzee, nilikudanganya mlangoni. Ameshakunywa. Amekunywa!"

Yule kijana wa nondo, nitamkumbuka daima, aliitupa chini na kuwa wa kwanza kukimbia.

Shosho, yaani bibi, ndivyo walivyomwita mama mkwe wa Mama Wanjiru, mwanamke mzee mwenye masikio yaliyotobolewa, mdogo kama mtoto. Tulimkuta kwenye godoro, jasho likimtiririka, mate yakimtoka, mboni za macho zimenywea zikawa kama ncha za sindano. Alikuwa amekunywa nusu bakuli. Wanjiru mwenyewe, msichana wa shule, alikuwa bado hajapewa. Alikuwa ametumwa chumvi. Baba alimbeba Shosho mwenyewe. Abdi akaleta pikapu yake, na tukaingia nyuma: baba ameshika kichwa, Mama Wanjiru ameshika miguu, mimi nimekumbatia mkebe ndani ya gunia. Njia nzima baba alikuwa akimwambia, "Pumua, mama. Pumua, mama." Sijawahi kumsikia akimwita mtu mama kwa sauti ile.

Hospitalini daktari aliuliza, "Amekula nini?" Na baba, mbele ya wauguzi na wagonjwa waliojipanga, akasema tena. Nikatoa mkebe. Daktari akasoma maandishi, akapaza sauti kumwita muuguzi alete dawa fulani haraka. Baadaye, alipotoka akijifuta miwani, alituambia kwamba watu huletwa katika hali ile bila mtu kujua wamekula nini, na wakati watu wanakisia, mgonjwa anaenda. "Huyu mmeniletea jibu mkononi," akasema. "Lakini mngekuja mapema zaidi ningefurahi zaidi."

Shosho alilala pale siku kadhaa, kati ya huku na kule. Baba hakutoka kwenye benchi la korido. Mama alimletea chakula, na safari hii alikula, kwa sababu Mama Wanjiru alikaa kando yake akakataa kula mpaka yeye ale. Watu wawili wale, mmoja aliyetega na mmoja aliyechukua, walikaa benchi moja wakigawana ugali.

Halafu asubuhi moja muuguzi akasema Shosho ameamka na anataka kumuona mtu aliyemwekea sumu. Baba aliingia ameshika kofia. Mimi nilisimama nyuma yake.

Shosho alimtazama. Alikuwa na sauti ya kukwaruza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ulijua saa ngapi kwamba ndege hayupo?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa halijatoka vizuri."

"Na mimi nilikunywa supu jua likiwa juu. Mtoto wangu alikuwa anapika, mimi nasikia kwa ukuta wewe unauliza njiwa. Njiwa tu. Hukusema sumu." Akavuta pumzi. "Sumu uliwekea ndege. Sina neno na wewe. Ndege alikukosea, ulikasirika, wewe ni mtu. Lakini kile kimya, Lelei, kimya hukuwekea ndege. Uliniwekea mimi."

Baba yangu alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi ile. Aliyekuwa akiogopa majirani waone aibu yake alilia mbele ya wodi nzima ya wanawake, na hakuna aliyecheka. Shosho alingoja amalize. Kisha akanyoosha mkono wake mwembamba akamgusa kichwa, akasema, "Inuka basi. Na siku nyingine uwe na mdomo mapema."

Yaliyofuata hayakuwa mepesi, sitaki nikudanganye. Baba alijipeleka kwa chifu mwenyewe. Wazee wa mtaa walikaa, akatozwa ng'ombe kwa familia ya Shosho, akamtoa bila kubisha. Kanisani alivua uzee wa kanisa akakaa benchi la nyuma, na ilichukua muda mrefu watu kumpa mkono kwa moyo. Wengine hawakumpa hadi alipokufa. Lakini mtaa ule haukuungua. Niliona kwa macho yangu jinsi ulivyokuwa karibu kuungua, jiwe la kwanza lilikuwa limesharushwa, na ninajua kilichouzima. Alisema mmoja, naye wa pili akapata nguvu ya kusema. Kama baba angesema "aliyeniibia njiwa atoke," Mama Wanjiru angebaki ndani na mgonjwa wake mpaka mwisho. Alitoka kwa sababu aliitwa bila kuitwa mwizi.

Kipanga hakufa. Aliendelea kuja. Baba alinunua wavu wa waya akaufunika uwanja wa njiwa wote, kazi ya siku mbili tu ambayo angeweza kuifanya tangu mwanzo. Jioni alikuwa akikaa nje akimtazama akizunguka juu, na siku moja nilimsikia akimpigia ule mluzi wa zamani, polepole, bila kutegemea ajibiwe.

Sasa, mwanangu, nisikilize.

Hutaishi bila kukosea. Ukifuga nyuki utaumwa, na siku moja nyuki wako watamuuma jirani. Ukifuga ndege utaonja hasira ya kuona jasho lako likipaa kwenye kucha za mwingine. Usiiache hasira hiyo ilale nawe ikaamka na mpango. Unachotega njiani hakichagui mpitaji, uwe umetega sumu au umetega maneno, hata haya maneno mnayorushiana kwenye simu siku hizi mkidhani mkiyafuta yamefutika. Mchimba kaburi huingia mwenyewe, lakini mara nyingi, kabla yake, huingia asiyehusika.

Na ukishakosea, usingoje. Usitafute polepole. Usiulize njiwa ilhali unajua ni sumu. Ukweli nusu hausaidii. Ulitusaidia tu kupitisha asubuhi. Sema wote, sema mapema, sema mahali unaposikika, hata kama ni kwenye spika ya dini isiyo yako. Aibu ni kitu kizito, nimeiona ikimkalisha mwanamume kwenye matope, lakini nimeona pia kwamba mtu anaweza kuinuka nayo mgongoni na kutembea. Maiti haibebeki hivyo.

Na kama aliyekosea ni mkubwa wako, baba, mwalimu, mchungaji, bosi wa kazi, mheshimu, lakini usinyamaze naye. Nilimpenda baba yangu kabla ya siku ile. Baada ya mkono wake kusimama hewani nilimpenda zaidi, na mpaka anakufa hakuwahi kunikumbusha kwa ubaya yale niliyomwambia pale mtaroni.

Mungu akupe ulimi usiochelewa, mwanangu. Akupe jirani wa kusimama mbele yako mawe yanaporushwa, na wewe akufanye jirani wa namna hiyo. Chakula chako kiwe salama kinywani mwa kila atakayekila. Nyumba yako iwe na sauti, isiwe na kimya cha kuua. Na utakapokosea, kwa maana utakosea, Mungu akukutanishe na mwanamke mzee atakayekugusa kichwa na kukuambia inuka.